Siku Bi Pfleiderer Aliposafisha Udongo

Mjomba wangu Hartmut amevuta sigara moja tu maishani mwake. Alikuwa jeshini, na anasema aliivuta kwa sababu aliamriwa. Kazi yake ni mkaguzi wa mizani. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa akiingia kwenye mabucha ya wilaya yetu na mkoba wa mawe ya kupimia, kuhakikisha kwamba gramu mia za soseji ni gramu mia za soseji. Taa ya waendao kwa miguu ikiwa nyekundu, hata barabara ikiwa tupu kutoka hapa hadi mji wa Ulm, Mjomba husimama. Na mimi husimama naye. Tumeshanyeshewa hivyo mara nyingi.

Kwa hiyo serikali iliporuhusu kila mtu mzima apande miche mitatu ya bangi nyumbani kwake, Mjomba alifanya kama raia mwema. Aliichapisha sheria yote, akaitoboa matundu, akaiweka kwenye faili, akaisoma majuma mawili na kalamu ya njano mkononi. Kisha akaagiza mbegu.

Hakuwa anatafuta starehe. Mjomba na starehe hawajawahi kutambulishwa. Mbegu zilikuwa kwa ajili ya mama yake, Bibi Irmtraud, ambaye mimi na Mjomba tunaishi naye. Bibi aliugua mkanda wa jeshi mwaka juzi. Vipele vilipona, maumivu yakabaki, na tangu hapo ubavu wake wa kushoto unawaka kana kwamba mtu amesahau pasi ya moto juu yake. Kwa miezi kumi na sita hajalala zaidi ya masaa mawili kwa mkupuo. Matone ya daktari yalimlaza kweli, ila akiamka alikuwa ananiita Liesel, na Liesel alikuwa mbuzi wao wakati wa utoto wake.

Halafu mwanamke mmoja wa kwaya ya kanisa akampa biskuti iliyookwa na siagi ya bangi ya mwanawe. Bibi alilala masaa saba. Aliamka akaomba mayai mawili, akaimba jikoni. Mjomba alifurahi mpaka alipouliza biskuti ilitoka wapi.

“Alikupa? Yaani alikupa tu?”

“Sasa angefanyaje, anirushie?”

“Mama, sheria inasema ulichopanda nyumbani ni chako. Humpi mtu. Si jirani, si rafiki, si mama yako mzazi. Ukurasa wa nne.”

“Nililala, Hartmut.”

“Ulilala kinyume cha sheria.”

Basi biskuti ya pili haikuja. Bibi angepaswa kuwa mkulima mwenyewe, akiwa na miaka themanini na moja, na fimbo.

Mjomba alichagua bangi ya otomatiki. Ile ya kawaida husubiri mwanga upungue ndipo ichanue, lakini otomatiki haisubiri mtu. Ikifika umri wake, inachanua, iwe kubwa iwe ndogo, iwe na furaha au haina. Toka mbegu hadi mavuno ni siku sabini na kitu. Alisimamisha hema jeusi katika chumba cha kushonea, akaweka taa, feni na chujio la makaa la kumeza harufu, kisha akateseka kimyakimya kila alipofikiria mita ya umeme.

Vyungu alivitengeneza mwenyewe, vya kujinywesha. Ndoo juu ya ndoo. Ya chini ina maji ya mvua, ya juu ina udongo, na katikati unapita utambi wa kitambaa unaopandisha maji polepole. Pembeni kuna bomba la kujazia na kiboya chekundu cha kuonyesha maji yamebaki kiasi gani. Huo udongo sasa, alianza kuupika toka vuli: mboji, majani yaliyooza, mavi ya farasi, unga wa mawe, na minyoo aliyoihamisha mmoja mmoja kama watoto wa shule. Juu akatandaza nyasi kavu. Baada ya majuma kadhaa chini ya nyasi kukawa na ukungu mweupe na vidudu vidogo vinavyorukaruka. Mjomba alivitazama kwa kioo cha kukuzia, uso wake ukilainika kwa namna ambayo sijawahi kuiona hata siku ya harusi yake ya pili.

“Huu udongo uko hai, Mirjam. Usiuguse, usiuchokore, usiumwagie maji juu. Na mche hauhamishwi. Ukiuhamisha unanuna, na huu hauna muda wa kununa.”

Siku ya kupanda tulisimama sote watatu. Mjomba alishika faili.

“Mama, bonyeza mbegu kwa kidole chako.”

“Mgongo unaniuma. Bonyeza wewe.”

“Nikibonyeza mimi mche unakuwa wangu. Halafu nitakupaje?”

“Nilikuzaa bila kusoma faili lolote,” alisema Bibi, akainama, akabonyeza.

Kila chungu kilibandikwa kibandiko: jina la Bibi, tarehe yake ya kuzaliwa, tarehe ya kupanda. Pakiti ilikuwa na mbegu nne. Mjomba hakutaka mche kwa jina lake, yeye ni mtumishi wa serikali. Alinigeukia.

“Mirjam, una miaka ishirini na miwili. Kisheria wewe ni mtu.”

Nilishukuru kwa taarifa hiyo. Mche wa nne ukaandikwa jina langu, ukawekwa chumbani kwangu karibu na dirisha, na taa yake ndogo, ili usichanganyike na wa Bibi. Mjomba hakufikiri nitaufanyia nini. Mimi pia sikufikiri. Mimi hulala kama gogo.

Bibi alitundika kalenda jikoni, akawa anakata siku moja moja kwa penseli. Kila asubuhi kabla ya kahawa alikwenda kwanza kwenye kalenda, halafu hemani, halafu ndipo akatusalimia.

Lazima sasa nimtaje Bi Pfleiderer. Anakaa chini yetu, mjane, na ndiye anayeshika funguo za akiba za nyumba nzima, kwa sababu tangu nyumba ijengwe hakuna aliyethubutu kumnyima. Kwetu kuna wiki ya ufagio. Kibao cha mbao kinatundikwa kwenye kitasa chako, na wiki hiyo unafagia ngazi, unafagia barabara mbele ya nyumba, unafuta hata vifuniko vya mapipa ya taka. Ukimaliza, unamtundikia anayefuata. Bi Pfleiderer hupita na kidole kutafuta vumbi. Kidole hicho kinajulikana.

Mjomba alikuwa ameshabandika tangazo rasmi ngazini: miche mitatu ya Bi Irmtraud, mmoja wa Mirjam, kwa mujibu wa sheria. Nilidhani Bi Pfleiderer ataanguka. Alilisoma lote, akanyoosha kona moja iliyojikunja.

“Bangi,” alisema. “Sawa. Mradi msimwage udongo ngazini.”

Siku ya ishirini na mbili bima ya afya ilimpeleka Bibi kwenye maji ya moto ya tiba, majuma mawili, na Mjomba akaenda naye. Miche ilikuwa imefika juu ya goti, majani yake mapana kama viganja. Niliachiwa karatasi tatu za maelekezo. Ukiyafupisha yote yalisema: jaza maji kwenye bomba kiboya kikishuka, na kaa mbali. Kazi ya kukaa mbali naiweza. Nimeifanya maisha yangu yote.

Jumamosi, wiki ya ufagio ikiwa yetu, kengele ililia. Bi Pfleiderer alisimama mlangoni na kibao chetu mkononi.

“Mirjam, mwanangu. Nyuma ya mapipa.”

“Samahani, Bi Pfleiderer.”

“Si kitu, nimeshafagia. Lakini nimeokota hiki ngazi ya sita.” Alifungua leso. Ndani kulikuwa na bonge la udongo, dogo kama dengu. “Nikajisemea, mtoto wa watu yuko peke yake, ana kazi kule kwa dobi, na kule ndani lazima hali ni mbaya. Nionyeshe.”

Kulikuwa na namna nyingi za kukataa. Nilizifikiria zote vizuri sana baadaye, kitandani. Pale mlangoni nilisogea pembeni.

Alifungua zipu ya hema, akainama, akainua nyasi kwa kidole kile. Mnyoo ulimtazama.

“Mungu wangu! Hiki ni kilimo au jaa? Ona koga! Ona wadudu! Na hivi vitambaa vyeusi humo chini ni vya nini?”

“Ni… ndivyo inavyo…”

“Ndivyo inavyokuwa mkimwachia mwanamume, najua. Hartmut mizani anaijua, usafi hajui. Na hii ni dawa ya mama yake mgonjwa, jamani! Itatoka kwenye uchafu huu imwingie tumboni?”

“Mjomba alisema tusi…”

“Mjomba wako hayupo. Usihangaike, mwanangu, nitakusaidia.”

Kwetu mtu mzima akikuambia atakusaidia kusafisha, jibu ni moja tu, umefundishwa kabla ya kujua kusimama.

“Asante, Bi Pfleiderer,” nilisema.

Jumatatu niliporudi kutoka kazini nilisikia harufu ya siki nikiwa bado ngazini. Vyungu vyote vitatu viling'aa kama sufuria za harusi. Udongo ulikuwa mpya, mweusi, laini, kutoka kwenye mfuko wa duka la maua, bila unyasi hata mmoja. Tambi alikuwa amezifua, akazikausha, akazikunja na kuziweka kabatini pamoja na taulo. Minyoo alikuwa ameipeleka kwenye pipa la taka zinazooza, ambalo ndilo pipa sahihi. Vibandiko alivibandua kwa maji ya moto akavibandika upya, vimenyooka kuliko alivyovibandika Mjomba. Kila mche ulifungwa wima kwenye kijiti kwa utepe wa bluu, na juu, kwa wema, ulikuwa umemwagiwa jagi zima la maji.

Bi Pfleiderer alikuwa bado yupo, anapiga deki hema.

“Sasa inapumua,” alisema. “Mizizi nayo niliisuuza. Ilikuwa na udongo kila mahali.”

“Asante, Bi Pfleiderer.”

“Chumbani kwako sikuingia. Chumba cha msichana mtu haingii hovyo. Wewe mwenyewe utafanya, eti?”

Niliitikia kwa kichwa. Akaondoka. Nilikwenda chumbani, nikatazama mche wangu mchafu, wenye koga na minyoo yake, nikafunga mlango kwa ufunguo. Huo ndio ulikuwa ujasiri wangu wote wa mwaka ule.

Miche ya Bibi ilinuna. Majani yalilegea, yakawa ya njano, yakabaki hivyo. Ingekuwa bangi ya kawaida ingesubiri, ingepona kwanza. Lakini hii ni otomatiki. Siku ya ishirini na tisa, ikiwa mgonjwa, haijaongezeka hata unene wa kidole, ilitoa nywele nyeupe na kuanza kuchanua, kwa sababu muda umefika. Ilinikumbusha watu fulani wanaostaafu kazi ambayo hawajawahi kuianza.

Siku ya thelathini na sita walirudi. Mjomba alisimama mbele ya hema bado amevaa koti. Alinusa siki. Alitia kidole kwenye udongo wa dukani, akakitoa, akakifuta kwenye leso.

“Nani?”

Nilionyesha sakafu kwa kidole. Chini ya sakafu anakaa nani, anajua.

Sasa, sehemu nyingine mtu angeshuka akapiga kelele. Mjomba aliketi kwenye kiti cha cherehani muda mrefu, akawaza. Amesafishiwa. Hakuomba, lakini amesafishiwa, na wiki ya ufagio ilikuwa yake, na nyuma ya mapipa kulikuwa hakujafagiwa. Alishuka na chupa ya divai nyekundu. Nilimsikia mlangoni: “Nimekuja kushukuru.” Alipopanda macho yake yalikuwa mekundu.

Bibi alikwenda jikoni, akaitoa kalenda ukutani, akaiweka kwenye droo ya visu.

Tulivuna siku ya sabini na nane. Maua yakaning'inizwa kwa kamba siku kumi na mbili, yakakauka. Bi Pfleiderer alikuwa ameshaijua habari ya miche kudumaa. Ngazini aliniuliza, “Ile dawa ya bibi yako imetoka kiasi gani?” Nikamwonyesha kwa kucha. Alifuta nguzo ya ngazi ambayo ilikuwa safi, akaifuta tena.

Jumapili, baada ya dengu na tambi za mayai, Mjomba alileta mezani mizani yake yenye muhuri wa serikali. Miche mitatu ya Bibi ilitoa gramu tatu na nusu, zote zikiwa majani zaidi kuliko ua. Kisha akapima yangu. Mche wangu ulikuwa umefika kifuani, umekunywa wenyewe kwenye ndoo yake bila mtu kuusumbua, na maua yake yalinata mkononi kama asali.

“Arobaini na moja,” alisema Mjomba. “Chini ya hamsini. Unaruhusiwa kuwa nayo.”

“Hongera, Mirjam,” alisema Bibi. Alikuwa ameshika ubavu kwa kiganja, kama anavyofanya akidhani hatumwoni.

“Basi mpe Bibi,” nilisema. Labda nilisema kwa ndani, kwa sababu hakuna aliyenisikia.

“Tatizo,” Mjomba aliendelea, akifungua faili ingawa analijua kwa moyo, “ni kwamba ya Mirjam ni ya Mirjam. Ukurasa wa nne. Hawezi kumpa Mama. Kwa hiyo tutapanda upya kesho. Siku sabini na nane, kumi na mbili za kukausha. Miezi mitatu tu, Mama.”

“Kwa hiyo,” alisema Bibi polepole, “huyu anayelala hata kengele za kanisa hazisikii, ndiye mwenye dawa ya usingizi. Na mimi niketi miezi mitatu nikimtazama anavyolala.”

“Sikuitunga mimi sheria.”

“Hapana. Wewe umeioa.”

Kisha akajaribu kucheka, kicheko kikamchoma ubavuni, akafumba macho. Hapo ndipo mdomo wangu ukafunguka bila kuniuliza.

“Bi Pfleiderer aliosha vyungu vyote vinne,” nilisema. “Vibandiko alivibandua vyote akavibandika upya. Labda alikosea. Labda ule wa chumbani ni wa Bibi, na mmoja wa hawa mbilikimo ndio wangu.”

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa katika nyumba ile, na yote ilikuwa uongo. Masikio yangu yaliwaka. Bibi alifumbua jicho moja.

Mjomba aliweka kijiko chini. Nilimwona anavyoyapima maneno yangu, upande huu na upande ule; kuhusu minyoo iliyobaki kwenye ndoo yangu hakuuliza. “Bi Pfleiderer hajawahi kukosea,” alisema mwisho. “Lazima nimuulize.”

Tulishuka, yeye mbele na faili, mimi nyuma, nikiomba ngazi ziongezeke. Bi Pfleiderer alifungua akiwa na aproni ya Jumapili.

“Bi Pfleiderer, swali rasmi. Siku ile uliposafisha, uliosha vyungu vingapi?”

Alimtazama Mjomba. Halafu alinitazama mimi, kupitia juu ya bega lake. Nadhani uso wangu ulisema yote.

“Mama yako alilala jana?” aliuliza.

“Hapana.”

Bi Pfleiderer ni mwanamke ambaye chumvi yake ina kibandiko kilichoandikwa chumvi. Alishika fremu ya mlango kama mtu anayeshuka kwenye maji baridi.

“Vinne,” alisema.

“Na vibandiko?”

Alinyoosha aproni iliyokuwa imenyooka.

“Nilivichanganya.”

“Ulichanganya? Wewe?”

“Ndiyo, Hartmut, mimi! Nilivichanganya! Nilibandika kimoja mahali pasipo pake. Unataka nipige kelele dirishani mtaa mzima usikie?” Nilielewa kwamba kukiri wizi kungemuumiza robo tu ya hapo. “Leta karatasi yako niweke sahihi.”

Aliweka sahihi. Mjomba alipanda ngazi mbili mbili, jambo ambalo sikujua miguu yake inaliweza, akabandua kibandiko changu kwenye ndoo ya chumbani na kubandika cha Bibi, kwa rula. Mimi nikarithi mbilikimo mmoja, gramu moja na kidogo. Ninao bado, kwenye kopo. Ni mali yangu halali na siruhusiwi kumpa mtu.

Jioni ile, baada ya taarifa ya habari, Bibi alikula kipande cha mkate na siagi ya bangi yake, iliyopimwa na mkaguzi wa serikali.

Asubuhi nilikuta kalenda imerudi ukutani. Hapana, nimetanguliza: kalenda ilirudi baadaye, yapata saa nne, kwa sababu mpaka saa tatu na nusu Bibi alikuwa bado anakoroma, na Mjomba alikuwa amekaa nje ya mlango wake na saa mkononi, akichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Kengele ililia. Nilifungua. Bi Pfleiderer alikuwa na kibao.

“Wiki yenu imeanza,” alisema, “na ngazi haijaguswa.”

“Bibi amelala,” nilisema.

Alinyoosha shingo akasikiliza mkoromo. Akauangalia ufagio wetu nyuma ya mlango, akauchukua.

“Ngazi nitafagia mimi,” alinong'ona. “Lakini nyuma ya mapipa, Mirjam, ni wewe.”

“Asante, Bi Pfleiderer,” nilisema, na nikashuka nikafagia nyuma ya mapipa.